Si Mume Wala Si Mke: Swali la Nafsi na Jinsia

Wapo watu wasemao kwamba wao si wanaume wala si wanawake. Hawasemi kwamba wamezaliwa na maumbile yenye utata, wala hawasemi kwamba wamo katika mwili wa jinsi moja ilhali nafsi zao ni za jinsi ya pili. Wasemalo ni jepesi kulitamka na zito kulifahamu: kwamba wanapojitazama kwa ndani, wakaitafuta ile hali ambayo wenzao huiita uanamume au uanamke, hawaikuti. Pale ambapo wengine wanadai pana kitu, wao wanasema hapana kitu. Na kukosekana kwake hakuwaumizi mpaka watu waliowazunguka wanaposhikilia kwamba kipo na lazima kionekane.

Kauli ya namna hii ikisikika barazani hupokelewa kwa kicheko au kwa istighfari, na aghalabu kwa vyote viwili. Kicheko si hoja, na istighfari ni baina ya mja na Mola wake. Swali hubaki palepale: je, kauli hiyo ina maana? Na ikiwa ina maana, mwenye kuisema anamdai nini jirani yake?

Ugumu wa kwanza ni wa jina. Kiingereza kimelipata neno lake kwa kutanguliza silabi moja ya Kigiriki yenye kukanusha, ile ile iliyomo katika jina la wale wanaomkana Mungu, na Februari 2014 neno hilo lilikuwa miongoni mwa majina zaidi ya 50 ambayo mtandao wa Facebook uliwapa watumiaji wake wa Marekani wajichagulie. Mfasiri wa Kiswahili huona njia rahisi mbele yake, aandike "asiye na jinsia" kisha apite. Lakini "asiye na" katika Kiswahili ni mwanzo wa masikitiko au wa matusi: asiye na akili, asiye na haya, asiye na kwao, asiye na mbele wala nyuma. Msomaji husikia upungufu kabla hajaisikia maana. Afadhali pengine kusema "asiyejinasibisha na jinsia." Ni maneno marefu, na hayaingii kirahisi katika mizani ya shairi, lakini yana insafu zaidi, kwa kuwa yanaeleza mtu anachokifanya na si kasoro aliyonayo. Kunasibisha kumetoka katika nasaba. Na mtu anayesema kwamba nasaba fulani si yake hajasema kwamba hana ukoo.

Nalo neno "jinsia" lina historia ya kuchekesha kidogo. Mzizi wake ni Kiarabu, na maana yake ya asili ni aina tu: aina ya mti, aina ya kitambaa, aina ya watu. Mswahili akiuliza "jinsi gani?" haulizi habari za mwili wa mtu, anauliza namna jambo lilivyo. Wataalamu wa maendeleo ndio waliozigawa "jinsi" na "jinsia" mafungu mawili, la kwanza liwe la maumbile na la pili liwe la majukumu na mahusiano ambayo jamii huyajenga juu ya maumbile hayo. Mgawanyo huo una faida, ingawa katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayeufuata. Panapokosekana neno la heshima hapabaki pengo tupu. Asiyepewa jina na kamusi hupewa na vijana wa maskani, na majina ya maskani yanajulikana.

Katika visa vya zamani, kilichoandikwa vizuri ni cha mtu wa Rhode Island, katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika. Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1752, mtoto wa nane katika nyumba ya Waquaker, yaani wale wajiitao Jumuiya ya Marafiki, ambao wasomaji wa Pemba huenda wakawakumbuka kwa misheni yao ya Banani iliyoanza mwaka 1897, na wasomaji wa Kenya kwa kanisa lao lililoanzia Kaimosi mwaka 1902. Alipewa jina la Jemima Wilkinson akalelewa kama walivyolelewa watoto wa kike wa wakati ule. Oktoba 1776, miezi michache baada ya makoloni kutangaza uhuru, alishikwa na homa kali iliyomlaza kwa siku kadhaa. Alipoinuka alisema kwamba Jemima amekufa. Mwili ule, alisema, sasa umekaliwa na roho iliyotumwa na Mwenyezi Mungu, isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, na jina lake ni Rafiki wa Watu Wote.

Tangu siku hiyo mpaka kufariki kwake mwaka 1819, Rafiki hakuliitikia tena jina la kwanza. Alivaa joho refu kama la makasisi na kofia ya kiume, akaziachia nywele zake bila ya kuzifunika kama walivyofanya wanawake wa zama zile. Alizunguka Rhode Island, Connecticut na Pennsylvania akihubiri toba, ukarimu na kukaribia kwa Siku ya Mwisho, na akawasihi wafuasi wake wawaache huru watumwa wao. Waliomuuliza kama yeye ni mwanamume au mwanamke aliwajibu kwa maana ile ile aliyojibiwa Musa katika Taurati alipouliza jina la aliyemwita: kwamba yupo kama alivyo. Jibu hilo liliwakera wengi. Mjini Philadelphia nyumba aliyofikia ilivurumishiwa mawe. Kuanzia mwaka 1788 wafuasi wake walikwenda kufyeka msitu magharibi ya New York wakajenga makazi yao, na mahala pa mwisho alipoishi Rafiki pakaitwa Jerusalem.

Mwaka 1799 baadhi ya waliokuwa wafuasi wake, waliogombana naye juu ya ardhi, walimshitaki kwa kosa la kukufuru. Askari walipokuja mara ya kwanza aliwatoka mbio juu ya farasi, kwani alikuwa mpandaji hodari. Mara ya pili walifukuzwa na wanawake wa nyumba hiyo, nao wakaondoka na nguo zilizochanika. Mara ya tatu lilikuja kundi la watu kama 30 usiku wa manane, likauvunja mlango kwa shoka, likamkuta mgonjwa asiyeweza kusafirishwa, na Rafiki akaahidi kwenda mwenyewe mahakamani. Alikwenda Juni 1800. Mahakama iliona kwamba jambo lile si kosa katika sheria za New York, kisha wakuu wa mahakama wakamwomba awahubirie.

Katika kukisimulia kisa hiki kwa Kiswahili, baada ya kutajwa homa ya mwaka 1776 haikuhitajika hata mara moja kuamua kama Rafiki alikuwa mume au mke. Vitenzi vilijiendea na kiambishi chao. Mwandishi wa Kiingereza hana raha hiyo. Kila sentensi humtaka achague kiwakilishi cha kike au cha kiume, na kila uchaguzi ni hukumu. Wafuasi wa Rafiki waliikwepa hukumu hiyo kwa kulirudia neno "Rafiki" tena na tena, hata ndani ya shajara zao za siri, ilhali wapinzani wake walikishikilia kiwakilishi cha kike kama mtu anayeshikilia rungu. Ndiyo maana ugomvi mkubwa wa jambo hili katika nchi za Magharibi umekuwa ugomvi wa sarufi. Waswidi walibuni kiwakilishi kipya, "hen", na kikaingia rasmi katika kamusi ya Akademia yao mwaka 2015. Waingereza na Wamarekani wamekopa kiwakilishi chao cha wingi wakakitumia kwa mtu mmoja, jambo ambalo lugha yao imelifanya kwa karne nyingi pale mtu asipojulikana, na ambalo kamusi ya Merriam-Webster iliongeza maana yake mpya mwaka 2019.

Hapa ndipo mpenzi wa Kiswahili huona fahari. Ngeli ya A-WA humchukua mwanamume, mwanamke, mtoto, malaika, simba na hata sisimizi, bila ya kumuuliza yeyote habari za maumbile yake. "Mwanamume" na "mwanamke" yote mawili huanza na mwana, na "mtu" hutangulia kabla ya yote mawili. Mshairi anaweza kumlilia mpenzi wake katika beti 40, akamwita ua, njiwa, lulu na tabibu wa moyo, na msomaji asijue alikuwa nani. Kifarsi nacho kiko hivyo, na wafasiri wa Hafidh kwa Kiingereza wameteseka karne nzima na zaidi kwa kutakiwa waseme mpenzi yule ni bwana au ni bibi, swali ambalo mshairi mwenyewe hakuulizwa na lugha yake. Kituruki pia ni vivyo hivyo.

Lakini fahari hiyo isivuke mpaka. Ikiwa lugha isiyo na jinsia huzaa jamii isiyojali jinsia, basi Shiraz, Istanbul na Mji Mkongwe ingekuwa miji ambayo mlango wa nyuma na mlango wa mbele hauna tofauti. Mambo hayako hivyo. Sarufi hutoa nafasi ya kunyamaza, na watu huijaza nafasi hiyo kwa kanga na kanzu, kwa safu za msikitini, kwa ukumbi wa harusi wa wanawake na baraza ya wanaume, na kwa unyago na jando. Yule ambaye Kiingereza kinamshambulia katika kila sentensi, Kiswahili humwachia apumue katika sentensi kisha kumngojea mlangoni.

Wala si haki kumchukua Rafiki na kumwandikisha katika daftari la watu wa leo. Rafiki hakusema kwamba alijitazama ndani asikute jinsia. Alisema kwamba aliyekuwamo ndani si binadamu bali ni roho, na roho za mbinguni hazina jinsia. Dai hilo ni la dini, na ushahidi wake ni wa dini. Anayesema leo kwamba hajinasibishi na jinsia hadai unabii, anadai uzoefu. Kisa cha Rafiki kinathibitisha jambo moja dogo lakini lenye thamani, kwamba mtu aliweza kuishi miaka 43 akiitwa vile alivyotaka, akalima, akadaiwa, akashitakiwa, akazikwa, na ulimwengu haukupasuka.

Wengi wa watu wa pwani wakitajiwa mtu asiye mume wala mke, akili zao huenda moja kwa moja kwa huntha. Wana haki, kwani vitabu vya fiqhi vimelizungumza jambo hilo kwa makini kuliko wanavyodhani wale wasiovisoma. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi walimwekea huntha mahali pake katika safu ya sala, nyuma ya wanaume na watoto wa kiume, mbele ya wanawake. Katika mirathi walisema apewe kile kilicho yakini, yaani fungu dogo kati ya mafungu mawili yanayowezekana, na kinachobaki kisimamishwe mpaka utata uondoke. Wamaliki na Wahanbali wakasema apewe nusu ya haya na nusu ya haya. Na alama za mwili zikishindwa kutoa jibu, Washafi walisema aulizwe mwenyewe, baada ya kubaleghe, moyo wake unaelekea wapi, kauli yake ikubaliwe, na akishaisema asirudi nyuma.

Kanuni hiyo ya mwisho inastahili kutafakariwa polepole. Mafakihi wale hawakuwa watu wa kuchezea mipaka. Hata hivyo waliona kwamba pale elimu ya mtazamaji inapokwisha, shahidi aliyebaki ni mwenye nafsi yake. Tofauti na swali la leo ni kubwa, wala haifai kufichwa. Neno "mushkil" lilieleza tatizo lililo katika ujuzi wa watu: kwao huntha ni mwanamume au ni mwanamke mbele ya Mungu, ila tu waja hawajui ni yupi. Chini ya utata kuna ukweli uliofichika. Asiyejinasibisha na jinsia husema kinyume chake, kwamba hakuna kilichofichika, na kwamba maumbile yake yanajulikana wazi pasi na kumwambia yeye ni nani. Kwa hiyo huntha hawezi kuwa dalili yake ya moja kwa moja. Kenya ilipowahesabu mahuntha katika sensa ya mwaka 2019, ikapata 1,524, ilihesabu miili. Nafsi hazikuulizwa.

Basi nafsi iulizwe. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alimtaka msomaji wake amfikirie mtu aliyeumbwa mara moja, mkamilifu, akaelea hewani, macho yake yamefunikwa, viungo vyake vimetenganishwa hata kimoja kisikiguse kingine, wala upepo haumpigi. Mtu huyo haoni, hasikii, hagusi. Je, atajua kwamba yupo? Ibn Sina alijibu kwamba atajua, hali ya kuwa hajui kama ana mikono au ana tumbo. Na kwa hoja hiyo alitaka kuonyesha kwamba nafsi si mwili. Zinduo hilo limejadiliwa kwa miaka karibu elfu moja. Kuna swali ambalo linaweza kuongezwa juu yake: mtu yule anayeelea, akijua kwamba yupo, atajua pia kwamba ni mwanamume au mwanamke?

Ni vigumu kuona atajuaje. Hana ndevu za kuzishika, hana mtu wa kumwita dada au kaka, hana mama aliyemfunza kukaa na kusimama. Akisema "mimi" amesema yote awezayo kuyasema. Ikiwa ni hivyo, basi asemaye kwamba hakuti jinsia ndani yake hajasema ajabu. Amesema kuhusu nafsi yake lile ambalo hoja ya Ibn Sina ingelisema kuhusu nafsi ya kila mtu. Na hapo huzuka swali la pili lisilo la raha: wale wengine wote wanaosema kwamba wao ni wanaume au wanawake kwa ndani, wanakuta nini huko? Yamkini wengi hawakuti chochote na hawajapata kuulizwa. Mwenye kiatu kinachomfaa hausikii mguu wake. Anayebanwa ndiye ajuaye kwamba amevaa kiatu, na akitaka kukivua huonekana mtu wa vituko.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili wenye makali, na wenye kuushika ni wanawake waliofikiri kwa muda mrefu juu ya uanamke. Simone de Beauvoir katika kitabu chake cha mwaka 1949 alionyesha kwamba uanamke si kitu ambacho mtu hutoka nacho tumboni, bali ni hali anayotiwa na malezi na jamii. Waliomfuata wakasonga mbele: ikiwa uanamke ni mahali mtu alipowekwa na wengine, basi hisia haimtoi hapo. Msichana aliyetolewa shule ili aozwe hakutolewa kwa sababu ya alivyojihisi, wala mwanamke anayeteka maji kilomita mbili hawezi kuuweka ndoo chini kwa kutangaza kwamba hajinasibishi. Kwa mtazamo huu, asemaye "mimi si mwanamke" ametoroka peke yake, akawaacha ndugu zake ndani na mlango akaurudisha.

Hoja hii ni nzito kuliko vicheko vyote vya barazani. Inashinda pale inapokanusha kwamba tamko hubadilisha mahali pa mtu katika jamii. Haishindi pale inapodhani kwamba mwenye kutamka amepata raha ya kutoroka, kwani mara nyingi hapati raha yoyote: hufukuzwa safu ya huku na kukataliwa safu ya kule, na anaporudi nyumbani huambiwa achague. Fauka ya hayo, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, msomi wa Nigeria, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1997 kwamba miongoni mwa Wayoruba wa kabla ya ukoloni, lililompa mtu cheo lilikuwa umri na utangulizi wake katika ukoo kuliko umbile lake. Wapo wanaompinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Lakini hata nusu ya dai lake ikisimama, inaonyesha kwamba mahali penyewe ambapo watu huwekwa hapakuchongwa katika jiwe. Kilichojengwa kwa njia moja huku, kule kilijengwa kwa njia nyingine.

Kuna wanaosema kwamba jambo hili lote ni la Wazungu, limeletwa na ndege. Jibu fupi linatosha. Wabugis wa Sulawesi, Indonesia, ambao ni Waislamu, wana desturi ya kuhesabu jinsia tano, na bissu wao, walinzi wa vifaa vitakatifu vya wafalme, hawahesabiwi kuwa wanaume wala wanawake. Hawajinasibishi na kutokuwa na jinsia. Wao husema wana zote. Kuongeza safu ya tatu au ya tano si sawasawa na kutoka nje ya safu, na wasomi wanaochanganya haya mawili hufanya uvivu. Hata hivyo, wazo la kwamba mafungu mawili hayamtoshi kila mtu halikuzaliwa California.

Sheria imelifikia jambo hili kwa mwendo wa kinyonga, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma. Norrie, mkaazi wa Sydney aliyezaliwa Scotland akiwa na umbile la kiume na kufanyiwa upasuaji mwaka 1989, aliona baadaye kwamba upasuaji haukumpeleka upande wa pili. Mwaka 2010 msajili wa vizazi na vifo wa New South Wales alimpa hati iliyoandikwa kwamba jinsi yake haikubainishwa. Baada ya muda mfupi hati ikafutwa, akaambiwa ilitolewa kwa makosa. Shauri likapanda ngazi zote mpaka Mahakama Kuu ya Australia, ambayo tarehe 2 Aprili 2014 iliamua kwa kauli moja kwamba sheria yenyewe inakubali kuwa mtu anaweza asiwe mume wala mke, na kwamba msajili ana uwezo wa kuandika hivyo. Majaji waligusia jambo ambalo watu wa sheria hulipita haraka, kwamba katika sehemu kubwa ya mahusiano ya kisheria jinsi ya mtu haina kazi yoyote. Mkataba wa nyumba hauihitaji. Deni haliihitaji. Ndoa iliihitaji, wakati ule, katika nchi ile.

Kwingineko, Machi 2017 mahakama ya Oregon, Marekani, ilimkubalia mtu kutambuliwa kisheria kuwa hana jinsia. Ujerumani ikaongeza fungu la tatu mwaka 2018. Serikali ya Marekani ilianza Aprili 2022 kuwapa waombaji wote waliotaka pasipoti zenye herufi X mahali pa jinsi, na Januari 2025 rais mpya akaamuru ziachwe, kwa kauli kwamba jinsi ni mbili tu. Karatasi hufuata upepo wa siasa. Wenye kuumia ni wale waliokwisha kuandikwa.

Sasa, anamdai nini jirani yake? Akidai kuaminiwa, hilo haliwezi kulazimishwa. Imani haiamrishwi, na anayemlazimisha mwenzake kukiri asichokiona humfunza unafiki. Mtu ana haki ya kusema: "Sikuelewi, na sidhani kwamba ni kweli." Kuna hata wazazi ambao hilo ndilo neno la mwisho la ukweli walilonalo, na kulisema kwa upole ni afadhali kuliko kujifanya.

Akidai kuitwa kwa namna fulani, dai hilo ni jepesi zaidi, na kwa Kiswahili ni jepesi mno. "Yeye" humtosha. "Mwanangu" humtosha. "Ndugu", ambalo baada ya Uhuru na Mapinduzi lilitumika Tanzania nzima kwa waziri na mchuuzi, kwa mwanamume na mwanamke, bado lipo na halijaoza. Mwenye kuacha kumwita mtu "dada" baada ya kuombwa aache hajakiri itikadi yoyote. Amefanya lile ambalo hufanywa kwa mtu aliyekataa jina la utani. Anayelirudia kwa makusudi, akijua kwamba linamchoma, hawezi kujikinga kwa kusema kwamba anatetea ukweli, kwani ukweli haukuhitaji kutetewa wakati wa kupitisha sahani ya wali.

Akidai nafasi, mambo hubadilika, na hapa wenye haraka wa pande zote mbili hukosea. Safu hazikuwekwa zote kwa sababu moja. Wodi ya wanawake, chumba cha kuogea na mashindano ya riadha vina wenyewe, na wenyewe wana hoja za sitara, za usalama na za uadilifu ambazo haziwezi kufutwa kwa tamko la mtu mwingine. Safu ya ibada ina hukumu zake na wenye elimu yake. Lakini safu ya benki? Safu ya fomu ya maktaba? Kuna mahali pengi ambapo watu hutenganishwa kwa mazoea tu, na ambapo kuuliza "kwa nini?" humwacha karani akikuna kichwa. Hekima ya mafakihi katika suala la huntha ilikuwa kwamba hawakutoa hukumu moja ya jumla. Waliitazama sala kivyake, sanda kivyake, mirathi kivyake, kila moja ikapimwa kwa kile kinachohofiwa na kile kinacholindwa.

Tena kuna kisa cha wakili wa Rafiki. Uzee ulipomfika na wasia ukatakiwa kuandikwa, wakili alishikilia kwamba hautasimama mahakamani pasi na jina la zamani, na Rafiki hakutaka jina hilo liandikwe. Hakuna kumbukumbu kwamba wakili aliamini habari za roho iliyoshuka mwaka 1776. Kazi yake ilikuwa mali ifike kwa warithi. Waliishia kukubaliana juu ya sentensi moja: kwamba mwenye kuusia ni yule mtu ambaye kabla ya mwaka 1777 alijulikana kwa jina la Jemima Wilkinson, na tangu hapo anajulikana kwa jina la Rafiki. Mahali pa saini Rafiki hakuandika lolote katika majina hayo mawili. Alitia alama ya msalaba.